Stenlesi Haitaki Kupapaswa

Ukikereza stenlesi, chuma kile kisichoshika kutu, ukaona inang'aa kama kioo kabla hujafika kipimo, usifurahi. Mwezi uliopita fundi mmoja wa Salgaa alinibebea nyumbani shafti ya namna hiyo, ameifunga kwa gazeti, akitaka niisifu. Nilipitisha kidole juu yake, nikampa pole.

"Pole ya nini, mzee?" akauliza. "Si iko smooth?"

"Iko smooth ya kuangalia," nikamwambia. "Jaribu kuikata tena."

Kumbe alikuwa ameshajaribu, na visu vitatu vilikuwa vimemfia hapo hapo. Nilimkalisha, mke wangu akaleta chai, nikamsimulia habari za Mzee Wanjala. Nilipomaliza akaniambia niziandike, kwa sababu akienda kuwasimulia wenzake hawatamwamini. Basi naandika. Nimestaafu, muda ninao, na watu wa nyumba hii wamechoka kunisikiliza.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mkerezaji, fundi wa kuzungusha chuma kwenye mashine na kukikata kwa kisu, kwenye karakana moja ya Nakuru, si mbali na stesheni. Mwenyewe alikuwa Kalasinga mwenye masharubu mazito, na sote tulimwita Mistri. Mashine za kukerezea zilikuwa nne, zikivutwa kwa mikanda ya ngozi iliyoshuka kutoka mhimili mmoja uliopita chini ya paa. Ukitaka chuma kizunguke haraka, unahamisha mkanda kwenye puli nyingine. Ukitaka kizunguke polepole, unaurudisha. Hakukuwa na kitufe cha kubonyeza wala kioo cha kukuambia namba. Namba zilikuwa kichwani mwa fundi, na fundi akiwa na kichwa kibaya, chuma kilimwaibisha mbele ya watu wote.

Tulifanya kazi za kila aina. Pampu za mashambani, ekseli za trela, vipuri vya mashine za kukausha pareto. Kutoka Kariandusi, wanakochimba ule udongo mweupe, walituletea bushi, zile pete zinazobeba shafti, zilizotafunwa na vumbi hadi zikawa nyembamba kama ganda la yai. Watu wao walikuja weupe kuanzia nywele hadi viatu, na Mistri aliwataka wajikung'ute nje kabla ya kuingia, maana vumbi lile likiingia kwenye mashine zetu, sisi ndio tungefuata kutafunwa.

Mimi nilifika hapo nikijiona fundi kamili. Nilikuwa nimetoka kwetu Keringet nikafanya kazi miaka minne kwenye karakana za reli, na huko nilisifiwa kwa mkono mwepesi. Tulifundishwa kwamba ukikaribia kipimo, unatoa chuma kidogo kidogo, thau moja, kisha thau moja tena. Thau ni sehemu moja ya elfu moja ya inchi. Unywele wako una kama thau tatu hivi. Tuliita kupapasa. Kwenye chuma laini na kwenye shaba njano kupapasa kunatoa kazi safi kabisa, na mimi nilikuwa bingwa. Nilikuwa napapasa hadi msimamizi anajitazama ndevu kwenye shafti.

Kisha nikakutana na Mzee Wanjala.

Alikuwa mtu wa Bungoma, mwenye mabega mapana na mwendo wa taratibu, na mashine ya kwanza mlangoni ilikuwa yake. Hakuna aliyeigusa bila ruhusa. Stenlesi ilikuwa bado kitu kigeni kwetu siku hizo, na iliyokuja ilitoka kwenye viwanda vya maziwa, maana maziwa na kutu havikai pamoja. Kila stenlesi iliyoingia ilikwenda kwa Wanjala moja kwa moja. Wengine tuliitazama kwa mbali.

Nilichokiona kilinisikitisha. Huyu mzee aliyesifiwa alikuwa anakata kwa mwendo wa kobe. Kipande ambacho mimi ningekizungusha mara mia mbili kwa dakika, yeye alikizungusha mara mia moja au chini yake. Halafu kisu alikizamisha kwa kina, na hatua yake ilikuwa kubwa. Hatua ni ule umbali ambao kisu kinasogea kila chuma kinapozunguka mara moja. Mashine ilinguruma, maganda mazito yakajikunja na kudondoka, na mimi nikajiambia kwamba mzee huyu anakata kuni.

Mafuta yake nayo yalikuwa na habari yake. Sisi tulitumia maji yaliyochanganywa na mafuta, meupe kama maziwa. Yeye kwa stenlesi alitumia mafuta ya nguruwe aliyoyachemsha na salfa kwenye debe nyuma ya karakana. Yalinuka nyama na jehanamu kwa pamoja. Siku ukimsaidia kuyachemsha, mbwa wa Bondeni, mtaa tuliokaa, wanakufuata hadi mlangoni kwako. Lakini niliona mwenyewe kisu kilichooshwa na mafuta yale kinamaliza siku nzima bila kunolewa, wakati kisu changu chenye maji meupe kilikuwa kinakufa kabla ya saa nne. Hilo nililikubali mapema. Mengine nilikataa, na kukataa kwangu kulikuwa na sababu moja: niligundua kwamba Mzee Wanjala alikuwa kiziwi.

Haikuwa rahisi kugundua. King'ora cha chakula kilipolia, Wanjala hakuinua kichwa. Alingoja amwone mtu wa kwanza akifuta mikono, ndipo naye akasimamisha mashine. Ukimwita kwa nyuma, hajibu. Ukisimama mbele yake, anakutazama mdomoni na anajibu vizuri kabisa. Shida yake ilikuwa Mistri, kwa sababu masharubu ya Mistri yalifunika mdomo wote. Basi kila Mistri alipomletea kazi, Wanjala alimpa kipande cha chaki na kumwambia, "Mistri, chora."

Mistri anachuchumaa na kilemba chake, anachora shafti kwenye sakafu, anaandika vipimo. Karakana nzima ilidhani ni uangalifu wa fundi mkubwa. Mistri mwenyewe alitusuta nao. "Nyinyi naharibu kazi sababu nasikia nusu," alituambia. "Tazama Wanjala. Yeye nataka kuchorewa."

Nilipomwambia Wanjala uso kwa uso kwamba najua, alisimamisha mashine. Kisha akanieleza. Alifanya kazi miaka mingi ndani ya boila, wenzake wakigonga kwa nje ribiti za kuunganisha mabati, na masikio yaliondoka kidogo kidogo. Akaniomba nisiseme. Mwaka uliotangulia, fundi wa mashine ya kutoboa alianza kutoona vizuri, na Mistri alimwachisha kazi wiki ile ile. Si kwa ukali. Alimpa mkono na kumwambia mashine haina huruma, naye hataki kumzika mtu humo ndani. Lakini kazi ikiondoka wakati ule, na barua ya kazi iliyokuruhusu kukaa mjini imeondoka, na chumba cha Bondeni kimeondoka, na mji wenyewe umeondoka. Wanjala alikuwa na binti wawili shuleni pale Nakuru.

"Wakimaliza shule nitakwenda mwenyewe," akaniambia. "Si leo, Koech. Unanisikia?"

Nilimwahidi, na ahadi hiyo sikuivunja. Nilifanya jambo baya kuliko kuivunja.

Kiwanda kimoja cha maziwa kilivunjikiwa na shafti ya pampu kubwa. Maziwa ya mashamba yalikuwa yanafika kila asubuhi na yanachacha kwenye mikebe, kwa sababu pampu ndogo iliyobaki haikuweza kuyamaliza. Stenlesi ya unene ule ilikuwepo nondo moja tu, iliyokuja kwa treni kutoka Mombasa, na nyingine ingechukua wiki kadhaa. Mistri alichora sakafuni, akasimama, akamwonyesha Wanjala kidole kimoja. Nondo moja. Wanjala akaitikia kwa kichwa.

Alianza asubuhi. Nondo ilikuwa na unene wa inchi mbili na sehemu ya kukatwa ilikuwa na urefu wa futi tatu. Aliikata kwa ngurumo yake ile ile, akatoa chuma kingi, akabakisha thau thelathini kila upande. Saa sita ikafika, akasimamisha mashine, akaenda kula.

Mimi nilikuwa kwenye mashine ya pili. Nilienda kuitazama nondo yake, nikaona mistari ya kisu juu yake, minene, ya kukwaruza kidole. Nikafikiri: maskini mzee, hasikii jinsi mashine inavyolia, ndiyo maana anakata hivi. Thau zimebaki thelathini tu, naye atakuja kuzivamia kwa kisu kile. Akiharibu, Mistri atataka kujua sababu, na siri itatoka. Nikamhurumia. Nikaamua kumwokoa kwa mkono wangu mwepesi.

Nilihamisha mkanda kwenye puli ya haraka. Nikaweka hatua ndogo kabisa. Nikagusa thau moja tu, nikaanza kupapasa kama nilivyofundishwa.

Kisu kililia mara moja, sauti nyembamba ya kuumiza meno. Nikadhani kinataka kuzoea. Nilipofika kama inchi sita sauti ikaisha na chuma kikaanza kung'aa. Kiling'aa kweli, vijana wangu. Nilijiona usoni mle ndani nikitabasamu. Nikaendelea hadi mwisho wa futi tatu, nikarudi na thau ya pili, na safari hii hakuna ganda lililodondoka. Kisu kilikuwa kinateleza juu ya chuma, ncha yake imekuwa ya bluu. Nikasimamisha mashine. Nikachukua tupa nikajaribu pembeni, na tupa ikateleza kama iko kwenye chupa.

Nitawaeleza kilichotokea, maana mimi wakati ule sikukijua. Chuma laini ukikisugua kinavumilia. Stenlesi ukiisugua bila kuikata, ngozi yake inakuwa ngumu, na kadiri unavyosugua ndivyo inavyozidi. Mwendo ukiwa wa haraka, joto linaimaliza ncha ya kisu. Hatua ikiwa ndogo na kina kikiwa kidogo, kisu hakifiki chini ya ngozi ile. Kinatembea juu yake na kuikaza zaidi. Ndiyo sababu ya ngurumo ya Wanjala. Alikuwa anazungusha polepole ili kisu kisiungue, na anazamisha kwa kina ili kila mzunguko ukate chini ya pale mzunguko uliopita ulipokaza. Hakuwa anakata hivyo kwa sababu hasikii. Alikuwa anakata sawasawa.

Wanjala alirudi kutoka kula. Aliweka kiganja juu ya nondo, akakipitisha mwanzo hadi mwisho, taratibu. Akatazama mkanda ulivyokaa kwenye puli ya haraka. Akanigeukia.

"Nani amekipapasa?"

"Mimi, Mzee."

"Kwa nini?"

Nilitaka kusema uongo nikashindwa. "Nilidhani kwa vile husikii, hujui kwamba mashine inalia."

Niliona neno lile likimwingia. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na sijawahi kujisikia mjinga namna ile, wala tangu siku hiyo sijajisikia hivyo tena. Yeye hakufoka. Alichukua maikromita, akapima mahali panne, akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la mashine.

"Zimebaki thau ishirini na tisa," akasema. "Ngozi uliyoikaza inaweza kuwa thau kumi, sijui. Tutapita chini yake kwa ishirini, mara moja tu. Tisa zitabaki za kumalizia. Kisu kikifa katikati, au kikisimama, hakuna shafti, na mimi niko kwenye treni ya kwenda Bungoma." Alinitazama. "Umekiharibu wewe, utakitoa wewe."

Alikinoa kisu mwenyewe, na hapo nilijifunza kitu cha kunyamaza na kutazama. Alikinoa kikali kuliko nilivyozoea, makali yakielekea juu ili yachane badala ya kusukuma, kisha akayasugua kwa jiwe la mafuta hadi hayakuwa na hata jino dogo. Akarudisha mkanda kwenye puli ya polepole kuliko zote, mizunguko kama sitini kwa dakika. Hatua akaweka thau kumi na mbili. Fanyeni hesabu wenyewe: futi tatu, kwa mwendo huo, ni dakika hamsini za kisu kutembea bila kupumzika. Akajaza debe la mafuta yake ya nguruwe, akalitundika juu ya mashine, akafungua bomba likachuruzika.

Mimi nilishika magurudumu ya mashine. Yeye alisimama ng'ambo, mikono ya shati ameikunja juu ya viwiko, akalaza vidole viwili nyuma ya kile kishikio cha kisu, mbali na chuma kinachozunguka. Nyinyi leo mkifanya hivyo mtaachishwa kazi na watu wa usalama, na watakuwa na haki. Nawasimulia, siwatumi.

"Anza," akasema. "Usiguse kitu kingine mpaka nikuambie."

Kisu kiliingia na mashine nzima ikaguna. Nilidhani kimevunjika. Vidole vya Wanjala havikuondoka. Ganda la kwanza likajitokeza, zito, na upande wake mmoja uling'aa kama kioo: ndiyo ngozi niliyoikaza, inavuliwa. Lilikuwa na rangi ya majani makavu. Wanjala alinionyesha kwa kidevu. Rangi hiyo ndiyo nzuri kwa visu vya wakati ule. Likigeuka bluu, kisu chako kinakaribia kufa.

Tulisimama hivyo. Dakika kumi. Dakika ishirini. Mafuta yalinuka, karakana ikanyamaza kidogo kidogo kwa sababu wengine walikuwa wameona. Mimi nilitega masikio yangu mawili mazima na nilisikia ngurumo ile ile, haibadiliki, nikaanza kutulia.

"Legeza ncha ya nyuma," akasema Wanjala.

Ncha ya nyuma ndiyo inayokishikilia chuma upande wa pili, kama msumari unaoegemea tundu. Sikuona sababu ya kuigusa. Hakuna kilichobadilika.

"Mzee, mashine iko sawa."

Alisoma mdomo wangu. "Koech, chuma kimepata joto kimerefuka. Kinajisukuma kwenye ncha. Legeza kidogo tu, usisimamishe."

Nililegeza, upana wa ukucha. Ndipo nilipoona uso wa shafti, ambao ulikuwa umeanza kuwa na mawimbi madogo ya kuonekana ukilaza jicho tu, ukirudi kuwa laini. Angengoja hadi nisikie kwa masikio yangu, tungekuwa tumechelewa. Alikuwa ameyasikia mawimbi yale kwa vidole viwili kabla hayajaonekana. Nilimtazama mtu yule, kiziwi, sasa amefumba macho ng'ambo ya mashine, nikaona aibu na furaha kwa wakati mmoja. Sijawahi kumwona fundi mkubwa kuliko yeye.

Na hapo ndipo Mistri akaingia.

Alisimama nyuma ya Wanjala, mikono kiunoni. "Wanjala, watu wawili nafanya nini mashine moja?"

Wanjala hakujibu. Macho alikuwa ameyafumba.

"Wanjala."

Nilitaka kumgusa, lakini mikono yangu ilikuwa kwenye magurudumu, na kisu kilikuwa kimebakiza inchi nane. Nikitoa mkono, tunapoteza shafti. Nikimwita kwa kelele, hatanisikia.

"Wanjala!" Mistri aliita kwa sauti iliyofanya fundi wa mwisho ukutani ageuke. Mzee aliyekuwa nusu hatua mbele yake hakutikisika. Mistri alitazama mgongo ule kwa muda. Kisha akanitazama mimi, na nilijua kwamba amejua.

Alisimama pale pale hadi kisu kikafika mwisho, ganda la mwisho likadondoka, nami nikarudisha kisu nyuma. Wanjala akafumbua macho, akamwona Mistri, akatoa chaki mfukoni na kumpa, kama kawaida yake. Mistri akaichukua akaitazama. Nafikiri alikuwa anahesabu ni michoro mingapi amechora kwenye sakafu ile.

Thau tisa za mwisho tulizitoa alasiri, kwa kisu kilichonolewa upya, mara moja, bila kupapasa. Shafti ilikaa kwenye kipimo. Watu wa kiwanda waliichukua jioni ile, imefungwa kwa gunia.

Asubuhi yake Mistri aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Yeye hasikii," akasema.

Nilikumbuka ahadi yangu.

"Tangu lini?"

"Siwezi kusema, Mistri."

Alivuta masharubu. "Mimi naona jana. Wewe nashika mashine, wewe nakata. Kazi iko safi. Basi wewe sasa najua stenlesi. Kuanzia leo mashine ya mlangoni nakuwa yako."

Mashine ya mlangoni. Niliitamani tangu siku ya kwanza, nisiwadanganye. Na nilielewa mara moja maana ya kuipata. Mzee alinifundisha ili kunitoa kwenye uharibifu wangu mwenyewe, na kwa kunifundisha alikuwa amejipunguzia thamani. Ningesema ndiyo, angekuwa kwenye treni kabla ya Jumapili.

"Mistri," nikasema, "mimi siwezi kukata stenlesi bila mkono wake."

"Wewe nakata jana."

"Mkono wake ulikuwa kwenye kisu. Mimi nilizungusha magurudumu tu. Ukimwondoa, nitakuharibia nondo ya kwanza itakayoingia."

Ulikuwa uongo, au hivyo nilidhani. Mwendo nilikuwa ninaujua sasa, hatua ninaijua, kina ninakijua, mafuta ninajua kuyachemsha. Nilikuwa nimeshayaandika yote kwenye daftari jana yake. Mistri alinitazama sana. Mwishowe alisimama, akafungua mlango.

"Basi wawili," akasema. "Lakini king'ora kikilia, wewe namshika bega. Mimi sitaki mtu naumia hapa kwa kutosikia."

Wanjala alikuwa ananingoja karibu na debe lake. Nilisimama mbele yake ili aone mdomo wangu.

"Mistri amesema nini?"

"Tuko wawili."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimdanganya. Nilimwambia siwezi bila mkono wako."

Alicheka hadi mabega yakatikisika. "Huo si uongo, kijana. Jana umechoma visu vingapi?"

Tangu siku ile Mistri hakungoja kupewa chaki. Alitembea nayo kwenye mfuko wa shati, akija na kazi anachuchumaa anachora kabla ya kufungua mdomo, na si kwa Wanjala tu, kwetu sote. Makosa yalipungua karakana nzima. Mpaka leo nikiona fundi anapokea kazi kwa maneno tu, kwa simu, huku anatafuna kitu, natamani kumwekea chaki mkononi.

Tulifanya kazi wawili kwenye mashine ile miaka zaidi ya mitatu. Kila kilichonifaa baadaye, huko Eldoret na huko Thika, nilikipata humo. Usikisimamishe kisu katikati ya safari, kwa sababu pale kinaposimama kinasugua. Usikimbilie kuongeza mwendo kwa kuwa bosi anakutazama. Kisu kikianza kuchoka kitoe mapema, usikibembeleze. Mashine zenu za kompyuta zinafuata mambo haya haya, ila aliyeziandikia maagizo hakufundishwa mbele ya masharubu ya Mistri. Nazipenda, nisionekane mwenye wivu. Nimeona moja ikikata stenlesi huku mwenyewe anakunywa soda, na nilimpigia makofi.

Binti wa pili wa Wanjala alimaliza shule, akaenda kusomea uuguzi. Wiki ile ile mzee alikuja kazini amevaa koti, akamkabidhi Mistri maikromita yake ndani ya kisanduku, akasema anakwenda nyumbani. Hakuna aliyemfukuza. Mistri alimpa mikono yote miwili. Mimi nilimsindikiza stesheni na kumbebea begi, na nikamwambia maneno mengi usoni pake, polepole, ili asikose hata moja. Nilimwambia ni yeye aliyenifanya fundi. Aliitikia, akanipiga bega, akapanda.

Kesho yake iliingia nondo ya stenlesi. Nilinoa kisu kama alivyonoa. Niliweka mkanda kwenye puli ya polepole, hatua thau kumi na mbili, mafuta yakachuruzika, ganda likatoka na rangi ya majani makavu. Kila kitu kilikuwa kwenye daftari langu. Ngurumo ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimesimama peke yangu kwenye mashine ya mlangoni, na masikio yangu yaliniambia kila kitu kiko sawa.

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Vidole viwili, nyuma ya kishikio cha kisu. Lilikuwepo, dogo sana, tetemeko ambalo sikio halikuwa na habari nalo. Nikalegeza ncha upana wa ukucha, likaisha. Nikainua uso kutazama ng'ambo, nikafungua mdomo vizuri ili aone, nikasema, "Nimelegeza, Mzee."

Hapakuwa na mtu. Nikarudisha vidole mahali pake, nikaendelea kukata.